UZI: Uyoga mwekundu unaovunjika kama chaki, tunautambuaje kwenye miombo ya Handeni na Kilindi?

MrinaAsali_Handeni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Masika yameshika huku Handeni na uyoga umeanza kutoka. Watoto wameshajipanga barabarani na sado zao, na kwenye magrupu kila siku inarushwa picha ya kofia nyekundu iliyopigwa kwa juu, chini yake swali moja tu: "Huu unaliwa?" Wanajitokeza watu wanajibu kwa uhakika kabisa, wengine wako Dar, na hakuna aliyeuona huo uyoga kwa chini wala shina lake. Roho inaniuma nikisoma majibu yale, maana mara nyingi anayeuliza ameshabandika sufuria.

Mimi nazunguka na mizinga yangu kwenye miombo, na uyoga ninaoukuta sana wakati huu ni wa kundi ambalo wataalamu wanaliita Russula. Jina hilo lilitolewa na Persoon mwaka 1796, na aina zilizokwisha kuandikwa duniani zinapita 700. Za Afrika nyingi zimepewa majina juzi juzi tu. Bart Buyck, Mbelgiji, alichapisha nyingi miaka ya 1990, na ipo hata inayoitwa Russula tanzaniae. Kwa hiyo mtu akikwambia anazijua zote kwa kuangalia picha, mwogope.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Ukifika porini anza kuangalia juu kabla hujainama. Russula haioti popote. Utando wake ulioko ardhini umeshikana na mizizi ya miti iliyo hai: unaupa mti maji na madini, mti nao unaupa sukari. Tena haushikani na kila mti. Unashikana na miombo yenyewe, yaani jamii ya Brachystegia na Julbernardia, unashikana na mikusu, na huko karibu na pwani unashikana na mbambakofi. Mwembe, mnazi, mkorosho, hapana. Ukikuta kofia nyekundu katikati ya shamba la mihogo mbali na miti hiyo, au juu ya samadi, acha kuiita Russula, hata kama rangi inakushawishi.

Halafu livunje shina. Uyoga mwingi ukiuvunja unachanika kwa urefu, nyuzi nyuzi. Russula inakatika pap, kama chaki, na pale palipovunjika ni chenga chenga tupu, huoni uzi hata mmoja. Sababu yake ni kwamba ndani ya nyama kuna mafungu ya seli za mviringo katikati ya zile seli ndefu za kawaida, na hizo za mviringo hazishikani. Mapezi yake pia (nasema yale majani membamba ya chini ya kofia yanayotoka ukingoni kwenda shinani) ukiyapitishia kidole, kwa aina nyingi yanameguka. Ukikata ukaona maziwa yanatoka, hiyo siyo Russula. Ni ndugu zake, Lactarius au Lactifluus, nao shina lao linavunjika vilevile.

Rangi nimeiweka nyuma makusudi. Ndiyo mnayouliza sana na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Wekundu wa nyingi unatoka na maji. Kofia uliyoiona jana ikiwa nyekundu ya damu, baada ya mvua ya usiku unaikuta waridi, katikati imebaki manjano manjano. Nyingine ina zambarau ukingoni na kijani katikati kwa wakati mmoja. Afadhali uangalie ngozi ya kofia inabanduka mpaka wapi ukiivuta kutoka ukingoni, kama shina ni tupu au limejaa, kama nyama inageuka rangi ukiikwaruza. Kuna ambazo zinakuwa nyekundu kwanza kisha nyeusi.

Sasa hili naomba mlishike kuliko yote. Usikate uyoga kwa kisu. Uchimbue. Chini ya miombo hiyo hiyo, kwenye udongo huo huo, wanaota Amanita, kwa sababu nao wameshikana na mizizi. Kuna Amanita anayeua. Alama zake ni kikombe au kifuko pale shina linapoingia ardhini, mara nyingi na pete juu yake, na mapezi meupe. Mabaka ya juu ya kofia mvua inayaosha, pete inadondoka. Kinachobaki ni kile kikombe, nacho kiko chini ya majani makavu. Ukikata kwa kisu umekiacha ardhini, umeondoka na kofia safi isiyokwambia chochote. Ulaya watu wamekufa kwa Amanita phalloides, mwenye kofia ya kijani, wakidhani wamechuma Russula ya kijani.

Nawasilisha. Wa Kilindi, Korogwe na Lushoto karibuni muongezee.

BintiMuheza

Asante sana kaka, nimesoma mara mbili. Nina maswali. La kwanza, mimi niko njia ya kwenda Amani, mvua huku haikauki, msitu mnene, lakini uyoga huu wa kuvunjika siuoni kama mnavyousema nyie wa Handeni kwenye ukame. Kwa nini? La pili, bibi yangu anaweka kitunguu saumu kwenye sufuria ya uyoga, kikigeuka cheusi anamwaga wote. Hiyo imekaaje?

MrinaAsali_Handeni

Dada, la kwanza linajibiwa na miti. Miti mingi ya Amani, kwa mfano msambu na mtambara, inashirikiana na kuvu wa namna nyingine kabisa, ambao hawatoi uyoga wa kofia juu ya ardhi. Mvua peke yake haitoshi. Mtafute mtu anayeijua miti akuonyeshe palipo na Isoberlinia scheffleri, upo kwenye milima yenu na ni wa ukoo mmoja na miombo. Chini yake ndiko utafute.

La kitunguu nalijibu bila kuzunguka: hakipimi sumu. Wala sarafu ya fedha, wala kijiko, wala punje za mchele. Sumu ya Amanita haigeuzi rangi ya kitu chochote jikoni. Mwambie bibi kwa heshima, ila mwambie leo.

MzeeKwediboma

Wanangu, nimefuatilia. Nataka kumtetea bibi wa huyo binti kidogo. Sisi tumekula uyoga wa porini tangu utoto na hatukufa. Mama zetu walikuwa hawaendi na kitunguu msituni. Walikuwa na aina zao chache, kila moja wanajua inatoka wiki gani ya mvua, chini ya mti gani, upande gani wa kijito, na nyingine zote waliziacha zioze. Mtoto akileta asioujua, sado nzima ilimwagwa kwa ajili ya mmoja. Kipimo kingine tulichokuwa nacho ni konokono: uyoga ulioliwa na konokono au wenye funza hatukuuogopa.

MrinaAsali_Handeni

Shikamoo mzee. Hapo kwa mama zetu umesema jambo zito, na ningependa kila anayesoma arudie kusoma. Walijua uyoga mmoja mmoja, kwa jina, mahali na wakati wake. Hawakuwa na kanuni ya jumla.

Kwenye konokono, mzee wangu, naomba nikubishie. Konokono wanakula Amanita yenye sumu na wanaendelea na safari yao. Tumbo la konokono si letu. Funza hivyo hivyo.

Na kuna kitu kinachonitia wasiwasi zaidi ya kitunguu. Huku Handeni wamehamia watu wengi, wengine wafugaji, wengine wakulima kutoka mikoa ya mbali. Mtu anakuja na ujuzi wa uyoga wa kwao, ujuzi wa kweli kabisa, halafu anautumia kwenye msitu ambao haujui. Uyoga unaofanana na wa kwao waweza kuwa mwingine.

MwanaMimea_Moro

Mleta uzi umeeleza vizuri sana, niongeze machache, nasomea mimea.

Kwanza, vitabu vya Ulaya vinasema Russula haina pete. Kwa Afrika hiyo si kweli. Zipo Russula za Afrika ya joto na Madagaska zenye pete kwenye shina. Kwa hiyo pete peke yake haikuambii kwamba umeshika Amanita. Ila kwa mtu wa jikoni ushauri wangu ni ule ule: wenye pete uache.

Pili, kipimo cha vumbi. Kata shina, laza kofia juu ya kipande cha kioo, mapezi yaangalie chini, funika na bakuli, acha mpaka asubuhi. Vijimbegu vitadondoka na kuacha alama. Russula inaacha nyeupe, krimu au manjano. Ukipata kahawia, nyeusi au kijani, toa wazo la Russula kichwani. Lakini Amanita naye anaacha nyeupe, kwa hiyo alama nyeupe isikutulize. Natumia kioo kwa sababu krimu hafifu juu ya karatasi nyeupe hutaiona, kioo unaweza kukiinua ukakiweka juu ya kitu cheusi.

Tatu, maabara tunaongeza iodini kwenye vijimbegu na kuangalia kwa hadubini: chunusi zake zinageuka bluu nyeusi. Tunasugua pia fuwele za salfeti ya chuma kwenye shina, nyingi zinakuwa waridi, chache zinakuwa kijani. Hapo ndipo tunaanza kutenganisha aina na aina. Kwa macho peke yake hata profesa anaishia kusema "Russula" na kunyamaza.

Chumbageni_Yetu

Mimi niko mjini Tanga, sina miombo hata mmoja. Kwenye nyasi za nyumba ninayopanga umeota uyoga mkubwa mweupe, kofia pana, magamba ya kahawia juu, una pete. Jirani anasema ni ule wa kichuguu na anataka kuuchuma. Nimeukata, shina lina nyuzi, kwa hiyo si Russula. Ni upi?

MwanaMimea_Moro

Simamisha hilo zoezi la jirani kwanza, kisha weka kofia moja iliyokomaa kwenye kioo. Ukipata alama ya kijani asubuhi, huyo ni Chlorophyllum molybdites, anaota sana kwenye nyasi za mijini nchi za joto, anatapisha na kuharisha vibaya sana. Uyoga wa kichuguu, Termitomyces, ukiuchimbua taratibu utakuta una mzizi mrefu unaoshuka chini kwenye nyumba ya mchwa. Huo wa kwenye nyasi hautakuwa nao. Unaona mleta uzi anavyosisitiza kuchimbua? Hata mjini inakusaidia.

Chumbageni_Yetu

Mrejesho: kioo asubuhi ni kijani, kijani ya majivu majivu hivi. Na chini hauna mzizi wowote. Nimempelekea jirani kile kioo akione mwenyewe. Ameelewa.

TabibuWaZamu

Ndugu zangu, naandika kama mtu wa wodini. Mkumbuke saa. Aliyekula uyoga wa kukera tumbo anaanza kutapika mapema, ndani ya saa 1 mpaka 3 hivi. Anateseka, lakini wengi wakiongezewa maji wanapona. Sumu ya Amanita ile ya kuua inachelewa. Mtu anakula mchana, anacheka na wenzake, analala, anaanza kuumwa saa 6 mpaka 12 baadaye, wakati mwingine hata 24. Anaharisha na kutapika sana. Kisha siku ya pili anaonekana amepata nafuu. Ndugu wanamshukuru Mungu, wanamrudisha nyumbani. Kumbe ini linaharibika wakati ule ule. Siku ya tatu au ya nne macho ni ya manjano na tumechelewa.

Kwa hiyo nafuu ya siku ya pili isiwadanganye. Wote waliokula sufuria moja waje, hata asiyeumwa. Njooni na mabaki ya uyoga, mbichi na uliopikwa, kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki. Mtuambie saa mliyokula. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula mkidhani yanakata sumu, mnatupotezea muda. Na aliyeanza kutapika mapema asihesabiwe amesalimika, kama sado ilikuwa na uyoga mchanganyiko anaweza kuwa amekula yote mawili.

Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, wala kuanika, wala kuuweka kwenye friji.

Mlalahoi_Mkata

Naomba nitofautiane. Mnatisha watu. Mwezi wa nne mahindi ghalani yamekwisha na mapya bado, uyoga ndio mboga ya maskini, na mama anayeuza sado pale barabarani ndiyo ada ya mtoto. Mkisema wote ni sumu mnampiga nani? Na huyo mtu wa konokono amekula miaka yote hiyo. Ulaya nimesoma wanauonja Russula kwa ulimi, usiowasha wanakula. Kwa nini na sisi tusifanye hivyo?

MrinaAsali_Handeni

Ndugu, hoja yako ni ya haki na nimefurahi umeileta. Hakuna aliyesema uyoga wote ni sumu. Russula zinaliwa Tanzania na imeandikwa. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizunguka vijijini wakiwauliza wachumaji wenyewe, hasa akina mama, na kazi yao kubwa ilitoka mwaka 2003. Humo Russula cellulata na Russula ciliata ni miongoni mwa zinazoliwa. Ujuzi wa yule mama wa sado ni elimu, na mimi namnunulia. Ninanunua kwa mama ninayemfahamu, aliyechuma mwenyewe kwenye msitu aliokulia, na namwomba aniletee na mashina yake mazima.

Kuhusu kuonja. Ni kweli wachumaji wa Ulaya wanamega kipande kidogo, wanatafuna kwa ncha ya ulimi, wanatema. Inayowasha wanaiacha, kwa mfano Russula emetica ambayo jina lake lenyewe linasema inatapisha. Lakini wanafanya hivyo baada ya kuwa na uhakika kwamba walichoshika ni Russula, na kanuni hiyo imetokana na aina za misitu yao. Ukienda Asia Mashariki inavunjika: kuna Russula subnigricans, Japani, China na Taiwan, ambayo imeua watu. Sumu yake inabomoa misuli, mkojo unakuwa mweusi, figo zinaziba. Sasa wewe unataka kuchukua kanuni ya misitu ya mialoni uilete kwenye miombo ya Mkata, kwenye aina ambazo nyingine hata jina hazijapata? Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo. Amanita anayeua hawashi ulimi.

ShumeKwetu

Salamu kutoka Lushoto. Huku Shume tuna mashamba ya misindano na uyoga unatoka kwa wingi, kofia ya kahawia inateleza baada ya mvua. Nayo ni Russula?

MwanaMimea_Moro

Geuza uangalie chini. Ukiona matundu matundu badala ya mapezi, huyo ni Suillus. Anaishi na misindano, amekuja nchini na misindano yenyewe kwa sababu miche ile haistawi bila kuvu wake. Usichanganye uyoga wa misindano na wa miombo kwenye sado moja, ni ulimwengu tofauti.

MzeeKwediboma

Mwanangu mrina asali, la konokono nimelipokea, nitawaambia na wenzangu kijiweni.

Kuna jambo sijaona mmeligusa. Upande wetu kuna mahali tulikuwa tunajaza vikapu. Wachoma mkaa wamepita. Mvua inanyesha ile ile, udongo ni ule ule, uyoga hamna. Nilidhani ni mbolea za mashambani. Nikisoma maelezo yako ya mizizi naona nimepata jibu.

MrinaAsali_Handeni

Ndiyo hilo mzee. Mti ukianguka sukari imekatika, na utando uliokuwa unalishwa na mti ule unakufa njaa. Kinachookoa ni visiki. Mwombo ukikatwa unachipua tena kutoka kisikini, na mizizi ikiwa hai baadhi ya kuvu wanabaki nayo, kwa hiyo eneo likiachwa lipumzike uyoga unaweza kurudi. Wakija kung'oa visiki ili walime ufuta, hapo umekwisha. Kama serikali ya kijiji chenu ina kamati ya maliasili, peleka hoja ya visiki. Ni jambo dogo la kuomba, halimzuii mtu kupata mkaa wake wote, na wanawake wa kijiji watakuunga mkono kabla hujamaliza kusema. Nyuki wangu pia watakushukuru, miombo hiyo hiyo ndiyo maua yao.

BintiMuheza

Nimemsomea bibi yote. Kwenye kitunguu alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye huwa anachuma aina mbili tu na zote anazijua tangu kwa mama yake, kitunguu ni cha wageni wanaoogopa kula. Jumamosi ananipeleka anionyeshe. Kaka, nikikuta ambao hatuujui nikupigie picha?

MrinaAsali_Handeni

Piga, ila fuata utaratibu na wengine wote wafuate. Picha ya juu hainisaidii. Nataka picha ya chini ya kofia mapezi yakionekana, picha ya shina zima likiwa limechimbuliwa na udongo wake, picha ya shina hilo hilo likiwa limevunjwa katikati, na picha ya majani ya mti uliosimama juu yake. Usiuchanganye na wa bibi, uwe na mfuko wake wa karatasi, na unawe mikono. Nitakwambia ni kundi gani nikiweza. Kama unaliwa au hauliwi sitakwambia kwa picha, hata zikiwa kumi. Hilo muulize bibi, akiwa ameushika mkononi.